Kinanda cha Mpolandi

Juzi sokoni Singida niliona santuri imefunika ndoo ya togwa, nikasikia tena harufu ya mtama uliosagwa na sauti ya baba akibishana.

Ilikuwa mchana mmoja nikiwa mtoto, katika kijiji kipya tulichohamishiwa kwa lori. Baba, mwalimu wa kwaya, alikuwa amefungua gramafoni ya misheni, akibishana na katekista juu ya watunzi wa zamani wa Ulaya. Katekista alimtetea Mjerumani mmoja, kwamba muziki wake una ngurumo.

"Ngurumo hata ng'ombe huisikia," baba alisema. "Mpolandi wangu alikufa kijana, kwa kifua, lakini kinanda chake kinalia mpaka leo."

Ndani, mama alikuwa akisaga mtama huku akikohoa. Naye, watu walisema, ana kifua. Katekista alitazama mlango. Baba akageuza santuri.

Leo najua kinanda hulia kwa sababu kuna anayekipiga. Wakati ule nilidhani kila anayekufa kwa kifua huacha chombo chake kikilia chenyewe. Baada ya kumzika mama, baba alinikuta nimelaza sikio kwenye jiwe la mama la kusagia. Akaniuliza ninafanya nini.

"Nangoja lilie, baba. Bado halijaanza."