Bunduki Iliyopimwa Begani Mwangu

Ukitaka kujua kama bunduki ya zamani bado inafaa, usivutiwe na mng'aro wa mti wake. Fungua mtambo, weka ukucha wa kidole gumba pale risasi inapoingia, uelekeze ukucha huo kwenye mwanga, kisha chungulia kutoka mdomo wa mtutu. Ukucha utarudisha mwanga ndani, nawe utaiona mifereji ikijizungusha mpaka mwisho. Kingo zake zikiwa kali, mtutu ni mzima. Zikiwa zimechakaa, risasi itatoka ikiyumba na hutajua ilikokwenda. Si jambo gumu. Mimi nilifundishwa nikiwa msichana mkubwa, na nililiweza siku hiyo hiyo.

Aliyenifundisha ni baba. Alikuwa shaushi, yaani sajini, na alipostaafu alipewa ruhusa ya kujenga Kibra pamoja na Wanubi wenzake, wazee waliokuja na jeshi kutoka Sudani. Siku hizo Kibra ilikuwa bado kile ambacho jina lake linasema katika lugha yetu: msitu. Kutoka mtaa wetu wa Lindi hadi mtaa wa Kambi Muru ulipita katikati ya miti na mahindi, na asubuhi uliweza kukuta nyayo za swala karibu na maji.

Baba alikuwa na bunduki kuukuu ya risasi moja, aliyoachiwa na jeshi. Vijana wa leo huniuliza kwa nini mtu achague bunduki inayobeba risasi moja tu. Nitawaeleza. Wazee wetu hawakukubali nyama ya mnyama aliyekwisha kufa porini. Ulisema Bismillahi, ukafyatua, kisha ukakimbia na kisu umfikie angali hai umchinje. Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa kupiga. Ilikuwa kusubiri mnyama ageuke, akaribie, asimame mahali unapoweza kumfikia. Baba alisema mwenye risasi nyingi hupiga kwanza akafikiri baadaye, na mwenye moja hufikiri kwanza kwa sababu hana baadaye.

Sikukuu ya Idd, baada ya kuswali na kula, wazee walitundika kibuyu kwenye mti ukingoni mwa msitu, wakapokezana bunduki kulenga shabaha. Wakubwa wa jeshi walijua na waliruhusu. Sisi wanawake tulitazama tukiwa na sinia zetu, na tulicheka kuliko wanaume.

Kaka yangu, mkubwa wangu pekee, alikuwa na shoto. Baba alipambana na mkono ule wa kushoto tangu mtoto hajajua kufunga vifungo. Nisingependa umwone baba kuwa katili. Kwake yeye mkono wa kulia ulikuwa wa kula, wa kusalimia na wa kisu cha kuchinjia. Na jeshini, watu wanapolala mstari mmoja kupiga shabaha, maganda ya moto huruka upande mmoja, na mmoja akigeuka anavuruga mstari mzima. Dini na jeshi vilimwambia neno lile lile. Angelitilia shaka vipi?

Idd moja kaka alipokea bunduki, akaiweka begani kushoto, akasema Bismillahi. Kibuyu kilipasuka vipande. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, halafu akamtazama baba na kuacha.

"Nani alikufundisha hivyo?" baba akauliza.

"Hakuna, Baba. Nimepiga tu."

"Umepiga kama mwizi anayechungulia dirishani. Tundikeni kingine. Shika kama mtoto wa askari."

Kaka akahamishia bunduki kulia. Risasi ikaenda tusikokujua. Kibuyu hakikutikisika hata kidogo.

"Shaushi," akasema mzee jirani yetu, mcheshi wa mtaa, "usimkaripie. Amempiga nzi."

Walicheka wote. Kaka akamrudishia baba bunduki kwa mikono miwili, kwa adabu, akaondoka. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia, na jeshi lilikuwa likiandikisha vijana. Mahindi hayajakomaa naye alikuwa ameshajiandikisha. Alikuja kumuaga mama mchana wa Ijumaa, saa ambayo alijua fika kwamba baba yuko msikitini.

Baba aliporudi na kuambiwa, alisema, "Jeshi litamfunza," akaomba maji ya kunywa. Lakini siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, ameiweka fimbo yake kwenye bega la kushoto, jicho moja amelifumba, analenga ndege juu ya paa. Aliponiona akaishusha na kuanza kuchokoa udongo kwa ncha yake, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta pale.

Mwaka uliofuata aliuza ng'ombe wetu wawili. Afisa mmoja aliyewahi kumwongoza alimwombea kibali, na asubuhi moja baba akaniambia, "Vaa viatu, twende mjini. Una mabega ya kaka yako."

Fundi wa bunduki alikuwa Mhindi mzee aliyewahi kutengeneza silaha za jeshi, na walifahamiana. Alitutolea kwanza bunduki ya kisasa yenye komeo pembeni, la kuvutwa kwa mkono kila unapopiga.

"Shaushi, dunia imekwenda mbele. Hii inameza tano."

"Nikikosa ya kwanza, hizo nne ni za nini? Za kumsindikiza swala kwao?"

Fundi akacheka, akaleta mbili za risasi moja. Ya kwanza ilikuwa nene, ya kupigia nyati. Baba akaiinua akairudisha; kwa swala wetu wadogo ingekuwa kama kuua sisimizi kwa mchi. Ya pili ilikuwa nyembamba, mtutu mrefu, na wenzo wake uko chini, nyuma ya kidole cha kufyatulia. Unausukuma mbele, mtambo unafunguka, unaingiza risasi, unaurudisha. Baba akanionyesha ile njia ya ukucha.

"Unaona nini?"

"Mifereji, Baba."

"Kingo?"

"Kali."

"Umeona kweli, au unanifurahisha?"

"Nimeona."

Akaweka ganda tupu, akafyatua huku amefumba macho, akisikiliza. Kifyatulio kizuri, alinieleza, hukatika kama kijiti kikavu. Kikivutika kama ulimbo, achana nacho, maana utaanza kukisubiri na kusahau shabaha.

Fundi akaniwekea bunduki begani kulia apime urefu wa kitako.

"Kushoto," baba akasema.

"Binti ana shoto?"

"Mpime kushoto."

Hapo ndipo nilipoelewa tumekuja kumnunulia nani. Bunduki yenye komeo hutengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mwenye shoto hulazimika kurusha mkono juu yake, na ganda humpitia usoni. Hii ya wenzo chini haijui kulia wala kushoto. Kilichobaki kilikuwa shavu, yaani ule uvimbe uliochongwa kwenye kitako ili mpigaji aegemeze uso. Lilikuwa upande wa kushoto, kwa ajili ya watu wa kulia.

"Nikilihamisha shavu hili, Shaushi, hutampata wa kuinunua tena."

"Siuzi."

Shavu lilipokwisha kuhamishwa tulirudi kwa miguu, baba ameibeba bunduki mwenyewe. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikamuuliza, "Nimwandikie kaka nimwambie?"

"Jambo hili haliandikwi," akasema. "Akirudi ataishika. Ataelewa."

Tukaanza kungoja. Kila Ijumaa baada ya msikiti baba aliipaka mafuta. Aliijaribu akiwa ameilaza juu ya mfuko wa mchanga, kwa maana kila bunduki ina tabia yake, na ni vizuri uijue kabla hujamlaumu mpigaji. Hii ilivuta kulia kidogo. Alikisogeza kinundu cha kulengea, kilicho kwenye ncha ya mtutu, kidogo kidogo, mpaka risasi zikawa zinaingia mahali pamoja. Hakuipiga kutoka begani hata mara moja. Ilikuwa na mwenyewe.

Vita viliisha. Malori yalileta vijana, na kila lori baba alilifuata hadi lilipoteremsha watu. Kisha akaja kijana mmoja wa Kawangware, Mkristo, ambaye wazazi wake walikuwa na shamba upande wa Riruta. Walikuwa kikosi kimoja na kaka huko Burma. Alikuja na mfuko wa viazi mabegani, na kwa jinsi alivyokataa kuutua kwanza, mama akajua. Mama alikaa chini kabla kijana hajasema neno.

Baba alimwacha amalize, kisha akauliza, "Ilikuwa risasi?"

"Hapana, mzee. Homa. Mvua ya kule si kama hii yetu. Waislamu wenzake walimswalia, na sisi wengine tulichimba."

Mama akaingia ndani. Yule kijana akamsogelea baba, na niliona kwamba kuna kitu amekihifadhi njia nzima, kitu kizuri cha kumpa.

"Nikuambie, mzee. Mafunzoni waliuliza nani ana shoto. Sote tulimjua, lakini yeye alinyamaza. Akapiga kwa kulia. Mwanzo alikosa, walimcheka sana. Hakuacha, mpaka akatupita wengi wetu. Tulipomuuliza alisema, 'Baba yangu ni shaushi. Yeye ndiye aliyeniambia nishike hivi.' Alikuwa anajivuna nalo, mzee."

"Ahsante, mwanangu," baba akasema. "Ahsante kwa kunibebea hilo."

Kijana alipoinuka aliiona bunduki ukutani. Alikuwa askari, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye shavu. Akalitazama, akamtazama baba. Halafu akachukua kofia yake na kutuaga kwa sauti ndogo.

Idd iliyofuata baba aliileta ile bunduki. Ilipofika zamu yake aliiweka begani kushoto, mbele ya wote, mzee wa mvi aliyewafunza watu kupiga kwa kulia maisha yake yote. Mikono ilikuwa haijui iende wapi. Alikosa kwa mbali. Hakuna aliyecheka. Yule jirani mcheshi alikwenda mwenyewe hadi mtini, akakitengeneza kibuyu ambacho hakikuwa kimeguswa, akarudi.

"Tena, Shaushi."

"Ni risasi moja," baba akajibu, akakaa.

Alifanya hivyo kila Idd, mara moja, kwa kushoto, na hakuwahi kupata. Nadhani hakutaka kupata. Nilimwambia wakati mmoja kwamba kaka hakuwa na kinyongo, kwamba mtu hajivunii mtu aliyemchukia. Alinisikiliza kwa upole sana. "Najua, binti yangu," akasema. "Hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba."

Ilipotangazwa hali ya hatari, serikali ilikusanya silaha za Waafrika, hata za wazee wetu. Baba aliipaka mafuta kwa mara ya mwisho, akaipeleka mwenyewe. Nilikwenda naye kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Afisa kijana aliipokea, akaipachika begani kulia kuijaribu. Shavu likamkaa vibaya. Akaigeuzageuza.

"Mbovu hii," akasema kwa Kiswahili, akaitupa juu ya lundo.

Baba alisimama wima kama alivyosimama gwarideni zamani.

"Si mbovu, Effendi. Ina mwenyewe."

Yule afisa hakuuliza mwenyewe ni nani. Alikuwa na nyingi za kupokea, na nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu.