Mpaka Mfalme Apige Makofi

Mwalimu wetu wa Kifaransa alituambia kwamba maski si kile kitu cha kufunika uso tu. Ni sherehe nzima. Zamani huko Ulaya, nyumbani kwa mfalme, wakubwa walivaa maski wakacheza na kuimba mbele yake, na hakuna aliyeonyesha uso mpaka mfalme apige makofi. Sisi wa shule ya Mapendo tukasema haya, tutaicheza siku ya kufunga shule. Wasichana kumi na wawili tulikata maski kwenye katoni za sabuni, zote za namna moja, na chini yake blauzi nyeupe na sketi ya bluu ya shule. Nani angetutofautisha? Hakuna aliyefikiria hilo.

Mama yangu alikuwa sokoni akiuza sombe yake, majani ya muhogo. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuja kuniangalia. Nilicheza nikiwa nimenuna ndani ya katoni.

Tulikuwa katikati ya wimbo mabomu yalipolia upande wa Kibati, nje ya mji. Ukuta ukatetemeka. Barabarani watu wakaanza kupita mbio, magodoro kichwani, na ukumbi mzima ukasimama. Mfalme, mvulana wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Mfalme gani huyo!

Mkono ukanishika. Ulikuwa na pete mbili, na mama yangu hana pete. Nilijua palepale, sitadanganya. Alikuwa mama wa rafiki yangu wa benchi moja, msichana mwenzangu wa maski.

"Kimbia, mutoto wangu! Usiangalie nyuma!"

Nilitaka kusema, mama, si mimi. Lakini akijua, ataniachia. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka mkojo ukashuka kwenye soksi. Nikafunga mdomo, na kwa mkono mwingine nikashikilia maski isianguke.

Tulipofika Keshero, karibu na ziwa, aliinama anifute jasho. Akanivua maski.

Yowe lake bado nalisikia. "Mutoto wangu iko wapi?"

Hakunipiga. Hata mkono hakuniachia; aligeuka akarudi nami mbio, watu wote wanashuka na sisi tunapanda, mabomu yako mbele yetu. Njia nzima nilijiambia, mimi ndiye nimemuua rafiki yangu.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimeanguka. Rafiki yangu alikuwa amesimama palepale kwenye mstari wake, maski usoni. Mama yake akamvuta kifuani kwa mkono mmoja.

"Sababu gani haukutoa maski nikuone?"

"Mufalme hakupiga makofi." Kisha akaniangalia juu ya bega la mama yake. "Nilikuita, mama. Nilikuita sana. Ukaenda na huyu."

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wa mama yake. Nikautoa.