DVD ya Mama Ken

Ukitaka kumkorofisha Peres, mwambie DVD yake imekataa kufunguka. Mwanamke huyo alipiga video za harusi na za sherehe za shukrani Nairobi nzima, halafu akazichoma mwenyewe kwenye DVD katika kibanda chake cha ghorofani, River Road. Aliringa, ndiyo, na tusidanganyane, alikuwa na haki ya kuringa. Watu walitoka hadi Kilimani, wakazipita studio zenye vioo vinavyong'aa, wakaja kumtafuta yeye.

Basi Ijumaa moja mwaka wa 2007 akaingia Kui, msichana wa Waithaka, uso umemshuka. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na kesho yake jamaa wote wangekutana nyumbani kwa ibada ya kumkumbuka. Walitaka kuitazama ile video aliyoipiga Peres siku mama alipohamia nyumba yake mpya. Hawakuwa na nyingine yenye sauti yake.

"Mama Lenox, DVD imekataa," akamwambia Peres, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kompyuta ya kaka yangu Ken inaitema tu."

"Yangu? Haiwezekani! Hiyo kompyuta ya Ken ndiyo mgonjwa. Lete hapa."

Akaitia kwenye mashine yake. Ikanguruma, ikatetemeka mpaka meza nayo ikatikisika, kisha ikaitema. Kwenye skrini, hakuna kitu. Akajaribu DVD ya harusi. Ikafunguka papo hapo. Akairudisha ya Kui. Wapi! Hapo akaacha kuringa, maana kanda ya kamera alikwisha kuirekodia harusi nyingine. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu.

Akaitoa, akaigeuza. Upande wa juu ulikuwa na picha ya Mama Ken akitabasamu, iliyokatwa kutoka kwenye programu ya mazishi na kubandikwa kwa gundi.

"Hii nani aliweka?"

"Ni mimi. Ilikuwa inakaa tu kama ya kununua barabarani. Nikaona afadhali mama akae juu yake."

"Ai, maskini! Hii kitu inazunguka mbio sana, Kui. Karatasi imeilemea upande mmoja, inayumba, mashine haiwezi kuisoma."

Dawa ilikuwa moja: picha itoke. Kui akashika mdomo.

"Si nitakuwa namrarua mama?"

"Sura yake mko nayo ukutani. Sauti iko hapa peke yake. Niachie mimi."

Peres akaomba maji ya vuguvugu kwa mama wa chai wa chini, akatia sabuni, akailowesha ile karatasi kwa pamba. Ikatoka vipande vipande: shavu, kitambaa cha kichwa, jicho. Kui akageukia dirisha, machozi yakimtiririka. Peres hakushika kisu wala hakutumia kucha. Alisugua kwa ncha ya kidole, pole pole, huku akijisemesha kwa Kijaluo. Gundi iliyobaki akailainisha kwa mafuta ya kupikia, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje.

Akaitia tena. Safari hii mashine haikunguruma. Na mara huyo Mama Ken, amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anaikodolea kamera macho.

"Na huyu wa video amekula? Peres! Weka hiyo mashine chini! Kwangu hakuna mtu anakaa njaa!"

Kui akapiga ukelele, akacheka na kulia kwa pamoja. "Huyo ndiye mamangu! Huyo kabisa!"

Peres alitaka kusema, "Si nilikuambia DVD zangu hazikatai?" Hata mdomo alishaufungua. Badala yake akaongeza sauti mpaka mwisho, akausukuma mlango wa kibanda, akawapigia kelele majirani wote wa ghorofa ile.

"Njooni! Njooni mumsikie mama huyu anavyoniita kwa jina!"