Wembe wa Matanga

Kabla ya msiba nilikuwa na nywele nyingi, na kila Jumamosi mama alinisuka nje ya nyumba yetu, Inyonga. Ilikuwa miaka ya sabini, nina miaka kumi. Baba, mkulima wa tumbaku, alipofariki, dada yake mkubwa akatunyoa ukoo mzima kama desturi ilivyotaka. Vichwa kumi na vinne, wembe mmoja, beseni moja la maji.

Wiki chache baadaye wenzangu nywele zikaota. Mimi nikaota magamba. Kichwa kiliwasha, nikajikuna, nywele zikakatika yakabaki mabaka matupu. Shangazi, aliyejua kila kitu isipokuwa kunawa mikono, akatoa hukumu: "Marehemu kamkataa. Huyu siyo mtoto wa kaka yangu. Muulizeni mama yake."

Watu wazima na ndevu zao wakaamini upuuzi huo! Wakamleta mganga wa kienyeji, mwenyewe ana kipara kinachong'aa, eti anioteshe nywele. Akanipaka majivu ya tumbaku na mafuta ya taa. Nililia hadi sauti ikakauka. Siku ya nne kichwa kilivimba, kikawa laini kama papai bovu. Usaha ukatoka, tezi za shingo zikauma, homa ikapanda. Mganga akasema dawa inafanya kazi. Shangazi akaleta wembe uleule aninyoe tena.

Mama, aliyevumilia matusi yote, akamshika mkono. "Wifi, humgusi."

Asubuhi tulipanda lori la tumbaku hadi hospitali, Mpanda. Mama alimweleza daktari yote, hata lile la marehemu.

"Marehemu msimsingizie," daktari akasema. "Haya ni mapunye. Yameletwa na wembe, yakaozeshwa na huo uchafu mliopaka." Mama alilia palepale.

Nilimeza vidonge wiki sita, kila siku na maziwa. Nywele zilirudi, ila hapa juu ya sikio hapajaota hadi leo. Namshukuru Mungu, na mama. Nyie mnaonisikiliza, nywele zikipukutika baada ya uzazi au homa kali, mara nyingi hurudi zenyewe. Zikitoka kwa mabaka, pana magamba, maumivu au usaha, nendeni hospitali mapema.

Siku tuliporudi kijijini na vidonge vyangu tulikuta wajukuu watatu wa shangazi, walionyolewa siku ileile, nao wameanza kutoka mabaka kama yangu. Hakuna aliyeuliza baba yao ni nani.

"Lori linaondoka kesho, wifi," mama akamwambia. "Usisahau kubeba na wembe, daktari auone."