Jina la Ndayiragije Ndani ya Simu ya Providence

Providence wa Mulongwe, mjini Uvira, hufundisha kompyuta asubuhi. Mchana hutengeneza programu yake mwenyewe: mtu akianza kuandika neno la Kifuliiru, lugha ya kwao, kwenye simu, programu inammalizia. Kikundi kimoja cha Bukavu kilikuwa kinachagua programu za lugha za nyumbani ili kizisaidie. Siku ya mwisho ya kupokea kazi ikafika: kufikia jioni kila mtu alitakiwa awe ameweka kazi yake kwenye tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao.

Tovuti ilimpa njia ya mkato: ingia kwa akaunti ya barua pepe uliyo nayo tayari. Akabonyeza. Ikamjibu: “Karibu, Ndayiragije.”

Ndayiragije ndiye aliyemuuzia simu, pale Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Ana desturi yake: kila mteja humfungulia akaunti palepale dukani, kwa jina lake yeye na namba yake ya Burundi, mradi simu iondoke inafanya kazi. Miaka yote Providence hakuona shida. Sasa tovuti ilitaka tarakimu zilizotumwa kwenye namba hiyo.

Akapanda pikipiki, akamfuata.

“Papa Ndayi, weye njo nani mu simu yangu?”

“Minye niko baba yake. Nilimuzala, nikamupa jina.” Wabadilisha fedha waliokaa jirani wakacheka.

Laini ya Burundi haikushika rezo, yaani mtandao, pale dukani. Wakasogea hadi karibu na kizuizi cha mpaka, ndipo tarakimu zikaingia. Tovuti ikafunguka, na mahali pa mtengenezaji pakasimama jina la Ndayiragije. Kulibadilisha, tovuti ilisema, kungewezekana kesho tu.

“Tuma tu, mama. Batu yote banajua ni kazi yako.”

“Na ba Bukavu banajua?”



Providence akatoka kwenye akaunti ile, akaanza upya kwa njia ndefu: barua pepe mpya, neno la siri, namba yake mwenyewe. Kisha, ili athibitishe kwamba si mashine, akatakiwa aguse picha zenye bomba la zimamoto la barabarani, kitu ambacho Uvira hakipo. Akakosea, akarudia, akakosea tena. Alipopita, wale wa Bukavu walikuwa wamefunga kupokea kazi.

“Unaona?” Ndayiragije akasema. “Ungeacha jina yangu, sasa uko ndani.”

“Njo weye ungekuwa ndani, Papa Ndayi. Minye ningebakia inje.”

Akaiweka kazi kwenye tovuti kwa jina lake, ingawa jioni ile hapakuwa tena na aliyeisubiri.