Bi Zuhura Aliposema Twende Kilioni

Mimi ni msusi, mzaliwa wa Bukavu, na saluni yangu iko katikati ya Johannesburg. Juzi alinipigia simu mteja wangu Bi Zuhura, mtu wa Tanga, rika langu la miaka sitini. Sauti ilijaa machozi.

"Mama Neema, tangu asubuhi namkumbuka marehemu mama. Kesho nifuate nyumbani, mtaa wa Observatory, nataka twende kilioni."

Sikuuliza nani kafa. Niliona si adabu. Kesho yake nilifunga saluni, nikavaa kitenge cheusi, nikawachukua akina mama wawili wa kwaya yetu. Mlangoni pa Bi Zuhura tukaangua kilio. Mimi nilijibwaga chini kabisa, maana jambo silifanyi nusu. Jirani akavua kofia: "Eish, sori mama."

Bi Zuhura alifungua, kichwa wazi, mkononi chanuo na mafuta ya nazi.

"Jamani, kafa nani?"

"Si ulisema twende kilioni?"

"Ndiyo, jina la msuko! Ile mistari ya kurudi nyuma. Mama alikuwa akinisuka kila Alhamisi, nimekaa kati ya magoti yake." Akanitazama pale chini. "Mama Neema, kwani wewe si msusi?"