Uzi wa Nyavu Kwenye Mshipi wa Rehema

Ile siku nguo ya Rehema ilipochafuka mbele ya wanawake, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi. Naona siku hizi unashona nguo za kucheza kiuno, za hao wasichana wa kikundi chenu, na jana ulinionyesha mshipi wa shanga ukajisifu kwamba umeumaliza kwa siku moja. Ni mzuri, sikatai. Lakini zima hiyo cherehani yako ya umeme kwanza, maana inapiga kelele kuliko mimi, na leo nataka unisikie.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, wanaume wetu wamerudi kutoka Burma, na kitambaa kizuri kilikuwa bado cha kutafuta. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Dunga, kule ukingoni mwa ziwa. Mimi uvuvi sikuutaka wala jembe sikulitaka, nilitaka sindano, basi kila asubuhi nilitembea kwa miguu hadi Kaloleni kujifunza kwa Mama Zaituni. Huyu alikuwa mwanamke wa Kinubi aliyeshonea nusu ya mabibi harusi wa Kiislamu wa Kisumu. Alikuwa mkali, lakini hakuwahi kuninyima chai.

Siku moja akaja Rehema. Alikuwa ameolewa Mombasa, akaachwa, akarudi kwao na sanduku moja. Unaujua mji wetu. Akienda kuteka maji, wenzake walinyamaza ghafla, na akiondoka walianza tena. Sasa mdogo wake alikuwa anaolewa, na Rehema alitaka kucheza kwenye siku ya wanawake, ile ngoma ya kiuno ya Kimisri aliyofundishwa Pwani na jirani yake.

"Mama, nataka wanione kama niko mzima," alimwambia Mama Zaituni. "Tangu nirudi wananiangalia kama mgonjwa."

Mama Zaituni hakumpima akiwa amesimama. Alimwambia acheze, akamfuata na utepe wa kupimia, akachukua kipimo cha nyonga zikiwa zinakwenda. Wewe unapima mtu akiwa kama mlingoti, halafu unashangaa mshipi ukipanda hadi kifuani. Akachora nguo yenyewe chini kwa chaki: kisibau kifupi cha kubana, sketi nyeupe nyepesi ya kumwagika hadi miguuni, na mshipi mpana wa kukaa chini ya kitovu, wenye shanga za buluu zinazoning'inia, na kila mwisho wa shanga senti moja, zile senti zetu za tundu katikati, zilizosuguliwa kwa jivu mpaka ziwake. Mshipi nilipewa mimi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sharti moja. Chochote kipya, kiwe uzi au kitambaa, kilitiwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kikakamuliwa ndani ya kitambaa cheupe. Jasho lina chumvi, Mama Zaituni alisema, na kama kitu kitatoa rangi basi kitoe kwenye beseni.

Shanga zile zilikuwa za kioo, na midomo yake ilikuwa mikali. Uzi wa dukani ulikatika mara moja, ukakatika mara ya pili, shanga zikatawanyika sakafuni nikaziokota nikitambaa kwa magoti. Dawa yake niliambiwa: pitisha nta, kunja uzi mara mbili, piga fundo kila baada ya shanga tatu. Ni kazi ya kuchosha, na mimi nilijiona mjanja. Nikawaza, uzi wa baba wa kusukia nyavu unamzuia samaki kamongo mzima akigaragara, utashindwa na shanga? Nikachukua kiasi nyumbani, nikauchambua ukawa mwembamba, nikatunga mshipi wote siku mbili tu. Kwenye beseni sikuutia, kwa sababu Mama Zaituni angeuona na kuukataa. Na nyinyi watu wa Dunga mnajua kilichokuwa ndani ya uzi ule. Baba aliuchemsha na magome ya miti ili maji ya ziwa yasiuozeshe.

Alasiri ya siku ya wanawake nyumba ilijaa. Rehema alipotoka chumbani, wale waliokuwa wakinong'ona walipiga vigelegele bila kupenda. Alicheza, mwanangu! Senti zikalia, ngoma ikamfuata yeye badala ya yeye kuifuata, na mama yake akalia kwa furaha. Nami nilikuwa mlangoni nimevimba kwa majivuno.

Kisha jasho likamtoka. Nikaona chini ya mshipi alama ndogo ya wekundu, ikawa michirizi, ikashuka kwenye sketi nyeupe mbele na nyuma.

"Yawa! Angalieni nguo yake," mwanamke mmoja alisema. Mwingine akaziba mdomo. Mwingine akasema kwa sauti, "Haki huyu hana aibu. Anacheza akiwa hivyo?"

Ngoma ikanyamaza. Rehema akajiangalia, akashika sketi kwa mikono miwili, akakimbilia chumbani. Wote walidhani ni damu. Mimi peke yangu nilijua, na nilinyamaza. Nilisimama pale nikiomba ardhi inimeze, huku wanawake wakifunga leso zao na kuondoka wawili wawili.

Mama Zaituni, aliyekuwa amemfuata Rehema ndani, alitoka chumbani na mshipi mkononi, akanivuta uani. Akautia kwenye ndoo, akaukamua. Maji yakawa mekundu.

"Atieno, hii uzi ulitoa wapi?"

"Ya baba. Ya nyavu."

"Na wakati wanamsema, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, Mama."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alisema polepole, "Kukosea uzi, hata mimi nimekosea. Lakini umemwacha mtoto wa watu abebe aibu yako, na wewe uko karibu hivyo. Ingia ndani. Waambie."

Nikaingia na ile ndoo. Niliwaambia waliobaki kwamba ni uzi wa baba yangu, nikaukamua tena mbele yao kwenye leso yangu nyeupe. Wengine walicheka, na mmoja alinitukana. Baadaye Rehema alitoka amejifunga leso, akaketi kando ya mdogo wake mpaka mwisho. Hakunitazama. Hakucheza tena siku ile, wala sikusikia kwamba alicheza siku nyingine.

Ila nusu ya wanawake walikuwa wameshaondoka. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wanne, mwanamke mmoja sokoni alimwonyesha Rehema kwa kidole, akaanza kunisimulia habari ya damu, eti mimi siijui. Nikamwambia ulikuwa uzi, na niliutunga mimi. Akacheka.

"Wacha kumtetea," alisema. "Mimi nilikuwako."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nimeilipia. Utaharibu kazi, hakuna fundi asiyeharibu. Ukiharibu, sema pale pale, watu wote wangali wamekaa, hata sauti ikikutoka vibaya. Usingoje kuitwa uani. Zile dakika nilizosimama mlangoni hazikufika hata kumi, na nimeishi miaka yote hii nikitafuta wale waliotoka.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono mitulivu na macho ya kuona mbali. Na siku utakayokosea, akufungue mdomo kabla mtu wa kwanza hajafika mlangoni.